Moto wa Kilio cha Asani na Neno Lililotufanya Tuufunike

CHAMA CHA KUSAIDIANA MISIBANI
Kambi ya Wakimbizi ya Dzaleka, Wilaya ya Dowa, Malawi

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA

Tarehe: Alhamisi, 18 Julai 2013
Mahali: Hangari ya kanisa la Mchungaji Ndikumana

Waliohudhuria:
1. Bw. Wilondja, Mwenyekiti
2. Bw. Bisimwa, Mshauri
3. Bi. Kabibi, Mjumbe
4. Mchungaji Ndikumana, Mjumbe
5. Bi. Vénérande, Katibu

Aliyeingia baadaye: Bi. Orpa, mfiwa (tazama Kumb. Na. 6)

Wasiohudhuria:
1. Bw. Fabrice, Makamu Mwenyekiti. Alitoa taarifa. Amekwenda Mponela kumpokea ndugu wa marehemu.
2. Bi. Olga, Mjumbe. Hakutoa taarifa. Inasemekana yuko Nsungwi, Lilongwe, kwa shughuli za ushonaji.

KUMB. NA. 1/VII/2013: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa 8:40 mchana. Alieleza kwamba ajenda ni moja tu, moto wa kilio cha marehemu Asani, na kwamba mambo ya turubai na sufuria zilizopotea yatasubiri. Bi. Kabibi alisema sufuria hazikupotea, zinajulikana ziko kwa nani. Mwenyekiti alirudia kwamba yatasubiri.

Mwenyekiti aliagiza kwamba katika kikao hiki maneno ya wajumbe, pale yanapokuwa mazito, yaandikwe kama yalivyotamkwa, ili baadaye asiwepo wa kusema hakusema.

KUMB. NA. 2/VII/2013: MAMBO YALIVYOFIKIA HAPA

Katibu alisoma muhtasari kwa ajili ya kumbukumbu.

Marehemu Asani, fundi cherehani, mtu wa Fizi huko Kongo, alifariki Area 36, Lilongwe, alikokuwa akifanya kazi. Mwili uliletwa Dzaleka Jumanne tarehe 9 Julai. Mjane wake, Bi. Orpa, aliwasha moto wa kilio mbele ya mwili kabla haujaingizwa ndani, kufuatana na desturi ya ukoo wa mumewe. Kwa desturi hiyo moto hauzimwi na mtu yeyote mpaka afike kaka mkubwa wa marehemu. Yeye ndiye atakayetawanya vijinga na kumwaga maji, na hapo mjane atavua kitambaa cha msiba na kurudi katika shughuli zake.

Kaka huyo, Bw. Christian, alikuwa bado njiani, kupitia Kigoma, Mbeya na Karonga. Mazishi hayakuweza kumngoja. Bi. Orpa alimpigia simu akamwambia kwamba uso wa ndugu yake hatauona tena, lakini atakuta moto uliomwona.

Tarehe 10 Julai, baada ya vibanda vya sokoni kuvunjwa, lilibandikwa tangazo la Kiingereza lenye neno moja kubwa juu: CURFEW, yaani amri ya kutotoka nje usiku. Jioni hiyohiyo mkuu wa walinzi wa zamu alifika kwenye kilio na kuagiza kwamba watu waingie ndani saa moja na moto uzimwe. Tarehe 11 Julai kamati ilikaa na, kwa ushauri wa Bw. Bisimwa, iliazimia kwamba moto usizimwe bali ufunikwe kwa majivu kila jioni na kufunuliwa alfajiri. Mkuu wa zamu alikubali. Alisema kama ni kufunika yeye hana shida, mradi asione mwanga.

Wajumbe walithibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa.

KUMB. NA. 3/VII/2013: MAELEZO KUHUSU NENO HILO

Mwenyekiti alimtaka Bw. Bisimwa arudie maelezo aliyotoa tarehe 11, kwa kuwa ndiyo yaliyoifikisha kamati kwenye azimio lile. Bw. Bisimwa, aliyesoma Kilatini katika sekondari huko Bukavu na ambaye hapa kambini hufundisha watu wazima Kiingereza, alisimama. Mwenyekiti alimwambia anaweza kuongea akiwa amekaa. Aliendelea kusimama.

Bw. Bisimwa alieleza kwamba neno hilo Waingereza hawakulizaa wenyewe. Lilivuka bahari pamoja na mabwana waliokuja kuwatawala wakisema Kifaransa, miaka karibu elfu moja iliyopita. Kwa Kifaransa cha wakati ule lilikuwa maneno mawili: cuevre, yaani funika, na feu, moto. Ni amri kamili: funika moto. Ndilo hilo Wakongomani walilosikia kila vita vilipopita Bukavu, couvre-feu, isipokuwa Waingereza walilitafuna mpaka likawa fupi.

Alieleza kwamba miji ya zamani ilijengwa kwa miti na kuezekwa nyasi. Jioni kengele ilipigwa, na kila nyumba ilikusanya makaa na kuyafunika, ili upepo wa usiku usichome mji. Wapo wanaosema amri hiyo ilianzishwa na mfalme mmoja mvamizi aliyewaogopa wenyeji wakikaa pamoja kuzunguka moto. Bw. Bisimwa alisema hilo halina ushahidi wa kutosha na yeye haliungi mkono.

Bi. Kabibi aliuliza ni wapi moto ulitoka ndani ya neno na wakaingia watu.

Bw. Bisimwa alijibu kwamba ilikuja polepole. Aliyefunika moto wake hakuwa na la kufanya tena nje, akalala. Baadaye kengele ikawa ya kulala, kisha ikawa ya kutoonekana njiani. Moto ukasahaulika, akabaki askari.

Aliendelea na mizizi. Kufunika kulitoka kwenye neno la Kilatini cooperire. Kuhusu moto, alisema Kilatini kilikuwa na jina lake, ignis, lakini Kifaransa hakikulichukua jina hilo. Kilichukua focus, ambalo halikuwa moto hasa, lilikuwa jiko, mahali pa moto ndani ya nyumba, pale familia inapokaa.

Mwenyekiti: "Kwa hiyo tunafunika moto ao tunafunika familia?"

Bw. Bisimwa alijibu kwamba swali hilo ni zuri kuliko Mwenyekiti anavyodhani. Mwenyekiti aliomba jibu hilo liandikwe.

Mwenyekiti aliongeza: "Nyie bantu ba Bukavu muko na maneno. Sisi tuko na maiti." Alikumbusha kwamba si mara ya kwanza kamati kufuata elimu ya Bw. Bisimwa ikajikuta pabaya. Hakutaja mara ya kwanza.

Mchungaji alisema kufunika makaa si jambo la Ulaya peke yake, na kwamba bibi yake huko Burundi alifanya hivyo kila jioni bila kengele. Bw. Bisimwa alikubali. Alisema ndiyo sababu aliona ushauri wake ni salama.

KUMB. NA. 4/VII/2013: USHAHIDI WA BI. KABIBI

Mwenyekiti alimtaka Bi. Kabibi, jirani wa mfiwa, aeleze kamati alichomweleza yeye leo asubuhi bombani.

Bi. Kabibi alieleza kwamba Jumamosi tarehe 13, kabla hakujapambazuka vizuri, alitoka na ndoo kwenda kuwahi foleni. Alimwona mtu akija upande wa kilio amebeba mbabula, yaani jiko la mkaa, yenye makaa mekundu. Alipokaribia alimtambua kuwa ni Bw. Bisimwa. Bw. Bisimwa aliinama, akafunua majivu kwa kijiti, akapekua kwa muda, kisha akamimina makaa yake palepale na kuweka magunzi juu. Alipuliza mpaka moto ukashika. Bi. Orpa alikuwa bado ndani.

Mwenyekiti alimuuliza kwa nini alinyamaza tangu Jumamosi.

Bi. Kabibi: "Kwani mi niko radio? Nilisema ndani ya roho, labda mwalimu anasaidia kuchochea. Leo njo nimesikia banawake ba bomba banasema moto ya Orpa ilikufa zamani. Nikaona basi, si mi peke yangu niliona."

Mwenyekiti: "Na ungesikia hawasemi?"

Bi. Kabibi: "Ningemunyamazia, Prezida. Ye pia angeninyamazia."

KUMB. NA. 5/VII/2013: MAJIBU YA BW. BISIMWA

Bw. Bisimwa alikiri kwamba maelezo ya Bi. Kabibi ni sahihi, isipokuwa hakutumia kijiti, alitumia mkono.

Alieleza kwamba siku ya kwanza ya kufunika, Alhamisi, kulikuwa bado na gogo zito lililochangwa na majirani, na Ijumaa alfajiri makaa yalikutwa hai. Ijumaa mchana gogo liliisha. Kuni hazikupatikana, na moto ulilishwa magunzi ya mahindi na vijiti vya mbaazi, kama jikoni kwa kila mtu hapa kambini. Jioni ulifunikwa vilevile. Hakufikiria kwamba magunzi hayaachi makaa ya kufika asubuhi. Wale aliowasoma walifunika magogo ya misitu yao, naye alichukua neno lao bila kuni zao. Hilo alisema ni kosa lake na si la mtu mwingine.

Alikwenda alfajiri ile kwa sababu hakupata usingizi. Alipofunua alikuta majivu ya baridi mpaka chini. Alirudi nyumbani kuchukua makaa ya mbabula yake, na Bi. Kabibi alimwona alipokuja nayo na kupekua mara ya pili. Tangu siku hiyo amekuwa akipeleka makaa ya mkaa wa kununua kila alfajiri, kwa kuwa kila alfajiri alikuta moto umekufa.

Mwenyekiti alimuuliza kwa nini hakumwita yeye.

Bw. Bisimwa: "Ningekuita ungeuliza ni nani alisema tufunike."

Mwenyekiti alisema hilo si jibu. Kisha alisema ni kweli angeuliza.

Mchungaji alisema kamati inajitesa bure. "Asani iko mikononi mwa Mungu. Haiko ndani ya majivu." Alishauri suala lifungwe.

Mwenyekiti: "Pasta, kama moto si kitu, mbona tarehe kumi na moja ulinyoosha mkono tuufunike?"

Mchungaji alijibu kwamba alinyoosha kwa ajili ya mjane, si kwa ajili ya moto. Bi. Kabibi alisema basi leo pia ni kwa ajili ya mjane.

KUMB. NA. 6/VII/2013: NINI KIAMBIWE NDUGU WA MAREHEMU

Wakati huo Bw. Fabrice alipiga simu kutoka Mponela. Alisema Bw. Christian ameshuka kwenye basi, ni mzima, amechoka, na kwamba swali la kwanza alilouliza ni kama moto bado upo. Bw. Fabrice alimjibu upo. Walikuwa wakitafuta gari la kuingia Dowa na walitarajia kufika kabla ya saa moja.

Mwenyekiti alieleza kwamba kwa mtu wa ukoo ule jambo hili si dogo. Bw. Christian anakuja kutawanya moto uliokuwapo mbele ya mwili wa ndugu yake. Huu uliopo haukuwapo. Akiutawanya bila kujua, kwa desturi atakuwa ametawanya jiko la Bw. Bisimwa, na mjane atakuwa hajafunguliwa. Akijua, anaweza kukataa kuutawanya, na mjane atabaki na kitambaa kichwani, na hakuna mtu mwingine wa ukoo huo ndani ya Malawi wa kukivua.

Mchungaji alipendekeza asiambiwe, kwa sababu mtu aliyetoka mbali hivyo hapokelewi kwa habari hiyo. Bi. Kabibi alisema bomba zima limeshajua, kwa hiyo ataambiwa tu, tofauti ni ataambiwa na nani. Bw. Bisimwa alijitolea kumwambia mwenyewe. Mwenyekiti alisema Bw. Bisimwa ameshasema ya kutosha.

Kabla kura haijapigwa Bi. Orpa aliingia. Ijulikane kwamba hangari imezungushiwa mabua tu na kilio kiko upande wa pili wa njia. Mwenyekiti alimpa kiti. Hakukaa. Mwenyekiti alimuuliza amemwacha nani kwenye moto.

Bi. Orpa: "Hakuna."

Mwenyekiti: "Mama, moto haiachwe peke yake."

Bi. Orpa: "Ile ya kulinda njo haiachwe."

Bi. Orpa aliomba kumuuliza Bw. Bisimwa neno moja. Mwenyekiti aliruhusu.

Bi. Orpa: "Papa mwalimu, bale Bazungu ba kengele. Asubui bakikuta moto imekufa, balikuwa banafanya nini?"

Bw. Bisimwa: "Balikuwa banaenda kwa jirani, Mama. Banaomba makaa."

Mchungaji alisema kwamba hilo linamaliza shauri, kwa kuwa ndivyo ilivyofanyika hapa pia, jirani ametoa makaa, na kwa watu wote wa dunia moto wa jirani ni moto.

Bi. Orpa: "Pasta, mi sikuomba."

Kisha alimgeukia Bw. Bisimwa na kusema maneno yafuatayo: "Ungenipigia hodi, papa mwalimu. Ungesema, Mama Orpa, moto imekufa. Ningelia, ao ningenyamaza, lakini ningejua. Mi nilikaa pale kila siku, nikaiongelesha. Nikaiambia habari ya Asani, namna alikuwa anacheka, namna alikuwa anakatala kula nsima ya baridi. Nilisema hii inamujua, iko inasikia tu. Kumbe namuelezea mutu wa njia."

Bw. Bisimwa: "Mama, niliogopa kukuvunja roho."

Bi. Orpa: "Umeivunja na umenipashia moto."

Mwenyekiti, akitumia nafasi yake kama mtu wa Fizi, alimweleza Bi. Orpa kwamba njia bado ipo. Aombe sasa, mbele ya wajumbe, Bw. Bisimwa ampe kwa mkono, na moto uhesabiwe kuwa umeombwa. Alisema yeye yuko tayari kulisimamia hilo mbele ya Bw. Christian. Katibu anaandika kwamba Mwenyekiti alilisema kwa upole.

Bi. Orpa: "Niombe nini, Papa Wilondja? Papa mwalimu iko na makaa, nimeona. Ile iliyomuona Asani iko nayo?"

Bi. Orpa alisema kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayemwambia Bw. Christian, na kwamba asiwepo mwingine wa kumtangulia, wala kwa simu. Kama shemeji yake atakubali kumvua kitambaa bila moto, sawa. Kama atakataa, hatamlaumu, kwa maana Bi. Orpa mwenyewe ndiye aliyemwambia atakuta moto na sasa hataukuta.

Kisha alimwambia Bw. Bisimwa: "Lete mbabula yako, ukamate moto yako. Ya juu ni yako. Ile majivu ya chini ni yangu, usiiguse. Kamata pole pole."

Bi. Kabibi aliomba kwenda kukaa na Bi. Orpa. Aliruhusiwa. Bw. Bisimwa aliomba ruhusa ya kwenda nyumbani kuchukua mbabula. Aliruhusiwa.

KUMB. NA. 7/VII/2013: MAAZIMIO

Kwa wajumbe watatu waliobaki, ambao ni Mwenyekiti, Mchungaji na Katibu, kikao kiliazimia:

(a) Bw. Bisimwa aondoe makaa yake kwenye kilio kabla ya Bw. Christian kufika. Mchungaji alijitolea kumshikia upande wa pili wa mbabula, kwa kuwa Bw. Bisimwa ni mtu mzima. Mchungaji alitoka mara maazimio yalipokwisha.

(b) Majivu ya chini yazungushiwe mawe, mtu asipite juu yake wala mtoto asicheze hapo.

(c) Bw. Christian apokelewe na Mwenyekiti njiani na kupelekwa moja kwa moja kwa Bi. Orpa. Mwenyekiti atamsalimu kwa kilugha chao na hatamweleza lolote.

(d) Bw. Bisimwa abaki kuwa Mshauri. Mwenyekiti alisema hana wa kumweka badala yake.

(e) Mwenyekiti alitaka maelezo yaliyo katika Kumb. Na. 3 yafupishwe, kwa kuwa neno limeshafanya kazi yake. Katibu aliomba yabaki, ili atakayesoma ajue kwa nini watu wenye akili zao walifunika magunzi. Mwenyekiti alikubali yabaki.

(f) Katibu amjulishe mkuu wa walinzi wa zamu kwamba kuanzia leo jioni kwenye kilio cha marehemu Asani hakuna moto wa kufunika.

Kikao kilifungwa saa 10:25 jioni.

.................................
Wilondja
Mwenyekiti

.................................
Vénérande
Katibu